Mtu wa reli na mwalimu wa jiografia, Interlaken

Ijumaa

Treni ilitoka Bern dakika ileile iliyoandikwa ubaoni. Mzee, mume wangu, alitazama saa yake ya mkononi, akatazama ya stesheni, akaguna. Kwa mtu aliyestaafu kutoka karakana ya reli Tanga, mguno huo ni sifa kubwa. Mengine yote tangu tushuke uwanja wa ndege wa Zurich alikuwa akiyapokea kimya.

Niseme mapema kilichotuleta huku, maana mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, maneno hayalali. Mdogo wangu ni muuguzi Bern, na kila akija likizo nyumbani wimbo wake ni mmoja: "Dada, wewe na shemeji mnakuja lini?" Mwaka huu akaleta barua ya mwaliko, akalipia na bima ya safari, kwa sababu viza ya Schengen haitoki bila bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Nauli ilitoka kwenye kiinua mgongo changu. Mimi nilidhani tunakwenda kukaa naye tu, tupike, tuzungumze. Yeye akatukatia chumba Interlaken kwa juma zima, akasema hakutuita Uswisi tuje kukaa sebuleni kwake tutazame televisheni.

Safari ya Bern hadi Interlaken haifiki saa moja. Baada ya mji wa Thun ziwa lilifunguka mkono wa kushoto, likatusindikiza karibu njia yote iliyobaki. Mji wenyewe uko mita 567 tu juu ya usawa wa bahari, chini ya Lushoto kwa mbali sana, ila umezungukwa na vilele vyenye theluji mwezi huu wa sita. Umekaa kwenye ukanda wa tambarare kati ya Ziwa Thun na Ziwa Brienz. Zamani lilikuwa ziwa moja. Mito iliyoteremka milimani ikamwaga changarawe na udongo katikati, kidogo kidogo, mpaka ikalikata vipande viwili. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na mambo ya namna hii niliyachora kwa chaki, nikayafuta, nikayachora tena mwaka uliofuata kwa watoto wengine. Leo nimeburuta sanduku juu ya mchoro wangu.

Stesheni ya Interlaken Ost ndipo mzee alipochangamka. Treni yetu ilikuja kwa reli pana, milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, ileile ya SGR yetu ya Dar es Salaam na Dodoma. Majukwaa ya upande wa pili yana reli nyembamba zaidi. Akasogea, akasimama nyuma ya mstari, akanyoosha viganja viwili mbele ya kifua, akaviteremsha polepole kuelekea relini bila kupunguza wala kuongeza nafasi iliyokuwa kati yake.

"Mita moja," akasema. "Hii ya kwetu."

Kweli. Treni zinazopanda Lauterbrunnen na Grindelwald zinatembea kwenye geji ya mita moja, sawasawa na njia ya Tanga kwenda Moshi. Mdogo wangu alikuwa ameshika mizigo, anasubiri basi. Tulilikosa basi hilo, na lililofuata pia nusura tulikose.

Jumamosi

Katikati ya mji kuna kiwanja cha majani kinaitwa Höhematte, hekta 14, ndani yake hakuna hata kibanda. Mwaka 1864 wenye hoteli na wenyeji wengine walichanga fedha wakakinunua, wakaandikiana kwamba kisijengwe, ili mgeni akikaa barazani mwa hoteli auone mlima Jungfrau bila kuzibwa. Mashamba ya jirani yote yamekwisha kuwa nyumba, hiki kipo. Niliwaza viwanja vya wazi vya kwetu na namna vinavyopotea usiku mmoja, nikaona si mahali pake, tuko likizo.

Ukikaa kwenye benchi la Höhematte, watu wanakuangukia kutoka juu. Parachuti za rangi zinazunguka hewani, kisha moja baada ya nyingine zinatua kwenye majani, abiria anakimbia hatua tatu nne, anacheka au analia, wakati mwingine vyote viwili. Mji huu biashara yake ni hofu. Unalipa uruke kutoka kwenye ndege, uteremke makorongo ya maji ya baridi ukiwa na nguo za mpira, upigwe na mawimbi ya mto ndani ya boti la kujaza upepo. Binti wa ofisi ya wageni alitufungulia kijitabu chenye picha za hayo yote. Mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama inawezekana kutembelea karakana ya treni.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kujiona wa kawaida. Nilijiandaa kutazamwa na mtandio wangu. Barabara kuu imejaa mabaibui: familia za Ghuba zinakuja huku majira ya joto kukimbia jua la kwao, na migahawa mingi imeandika mlangoni kwamba nyama ni halali. Pilau tuliikuta, haikuwa na mdalasini wa kutosha. Wahindi nao wapo kwa mabasi. Kwenye bustani ya jumba la Kursaal kuna sanamu ya shaba ya Yash Chopra, mwongozaji wa filamu za Kihindi, aliyewaleta waigizaji wake kuimba kwenye milima hii mpaka mji ukaamua kumwekea kumbukumbu. Mzee, ambaye hataki kupigwa picha hata na wajukuu, aliomba mwenyewe apigwe hapo. Tulioana enzi za sinema ya Majestic pale Tanga. Hao mashujaa waliokuwa wakikimbizana kwenye theluji na shati la hariri, wasisikie baridi, tuliwaona wengi. Sasa nimeigusa theluji hiyo na ninasema wazi kwamba walikuwa wanatudanganya kuhusu baridi.

Jioni tuliingia dukani kununua mkate na matunda, kwa sababu bei za hotelini zinakata hamu. Faranga moja ya Uswisi ni karibu shilingi elfu tatu, na ukishaijua hesabu hiyo huwezi kunywa chai kwa amani. Karibu na mlango wa duka kulikuwa na meza ya maua ya vyungu. Moja lilinisimamisha. Majani manene yenye manyoya, ukiyagusa yanateleza chini ya kidole, na katikati vikundi vya maua ya zambarau yenye chembe ya njano. Nayajua. Yanaota kwenye miamba yenye kivuli msituni Amani, kwenye milima yetu ya Usambara, tulikuwa tunawapeleka wanafunzi huko. Kibandiko cha bei kiliandikwa kwa Kijerumani, na ndani ya neno hilo refu nikasoma Usambara. Afisa wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul, ndiye aliyeyapeleka Ulaya mwaka 1892, na hadi leo wazungu wanayaweka madirishani. Nilikinunua chungu hicho. Mdogo wangu akaniambia kinauzwa hata Bern, tena kwa bei nafuu, lakini alikuwa amechelewa.

Magharibi huku ni karibu saa tatu na nusu usiku. Isha inakaribia usiku wa manane. Tulisali, tukalala, alfajiri ikatukuta tumechoka.

Jumapili

Lauterbrunnen. Dakika ishirini kwa treni, na dirisha ni la mzee, nilishakubali hilo.

Bonde hili ndilo lile lililokuwa kwenye kila kitabu cha jiografia nilichowahi kushika: chini tambarare, pande zote mbili ukuta wa mwamba uliosimama wima, umbo la U lililochongwa na barafu iliyokuwa ikiteremka hapa zamani za kale. Wenyeji wanahesabu maporomoko 72 bondeni humu. Linalojulikana zaidi, Staubbach, linaanguka karibu mita 300 kutoka ukingoni mwa jabali, na maji yake hayafiki chini yakiwa maji. Upepo unayapeperusha njiani yakageuka ukungu. Nilisimama chini yake nikamsomesha mzee somo zima, barafu inavyokwangua, mabonde madogo yanavyobaki yakining'inia juu, kwa nini maji yanaanguka hapa na si kule. Familia moja ya Kihindi ilisimama kusikiliza bila kuelewa neno, kwa heshima tu ya mtu anayefundisha.

Baadaye Trümmelbach. Hapo maporomoko kumi yako ndani ya mlima. Unapandishwa na lifti kwenye tundu la mwamba, halafu unashuka kwa ngazi na mapito yaliyochimbwa, giza, baridi, maji yanalia pembeni yako mpaka kifua kinatetemeka. Maji yote ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau upande huu yanapita kwenye ufa huo mmoja, hadi lita 20,000 kwa sekunde, yakiburuta mawe. Huwezi kuzungumza. Mzee alinishika kiwiko njia nzima. Tulipotoka alisema jambo moja tu, kwamba angekuwa mkubwa wa hapa angeshatia mitambo ya umeme. Ametoka nchi ya mitambo ya Hale, mto ukianguka yeye anaona nyaya.

Mdogo wangu akarudi Bern usiku kwa sababu ya zamu. Akaniachia bahasha na maagizo: isifunguliwe mpaka Jumanne jioni.

Jumatatu

Mvua. Milima yote imefichwa. Tulifua, tulilala, mzee alikwenda stesheni "kunyoosha miguu" akakaa huko mpaka mchana. Alirudi na habari ya treni inayotoka Montreux kuja Interlaken bila abiria kushuka, ingawa inaanzia kwenye reli ya mita moja na kumalizia kwenye reli pana. Ilianza Desemba 2022. Pale Zweisimmen mabogi yake yanapita kwenye mtambo, magurudumu yanatanuka, na behewa linanyanyuliwa kidogo kulingana na jukwaa. Alinieleza kwa kutumia vikombe viwili na kijiko, mara mbili. Alitaka nielewe kwamba hili si jambo dogo.

Jumanne

Mbingu nyeupe bila wingu. Leo Jungfraujoch, stesheni ya reli iliyo juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454.

Tiketi kamili ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken wakati wa joto inapita faranga 200. Laki sita na zaidi, kwa mtu mmoja. Tulikuwa na kadi za nusu nauli, bado mkono ulinitetemeka. Njia ziko mbili. Watu wengi siku hizi wanapitia Grindelwald, wanapanda magari ya waya yaliyofunguliwa Desemba 2020, wanafika Eigergletscher kwa dakika kumi na tano. Mzee hakutaka kusikia. Tutapanda kwa reli ya meno, kupitia Wengen na Kleine Scheidegg, na magari ya waya tutayatumia kurudi "kwa sababu kushuka hata gunia linashuka."

Reli ya meno ina reli ya tatu katikati yenye meno, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linalokamata. Bila hilo magurudumu ya kawaida yangeteleza tu kwenye mwinuko wa namna hii. Ya Wengen ilifunguliwa mwaka 1893. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kutandika mataruma kutoka bandari ya Tanga kuelekea Muheza. Mzee aliliona hilo mwenyewe kwenye bango la stesheni, akanigusa bega. Kuanzia hapo akawa anazipanga reli mbili hizo sambamba, kama wapangaji wa nyumba moja. Reli ya Jungfrau ilianza kuchimbwa 1896, yetu imefika Muheza. Yao imetoboa na kufika juu tarehe 1 Agosti 1912, yetu ilikuwa imeshafika Moshi mwaka mmoja nyuma. Kilomita 350 hivi kwa tisa na kidogo. "Tumewashinda," akasema. Nikamkumbusha kwamba saba kati ya hizo tisa ziko ndani ya mwamba. Akatafakari, akasema basi sare.

Aliyebuni reli hiyo, Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa viwanda wa Zurich, alifariki 1899 akiwa hajaiona ikifika popote pa maana. Waliochimba wengi walikuwa vibarua kutoka Italia, majira ya baridi wamefungiwa juu huko, na baadhi yao waliuawa na baruti. Tanga tunajua habari za vibarua wa reli, kila mwenye babu anazo zake.

Kleine Scheidegg tulibadilisha treni. Hapo unasimama mbele ya ukuta wa kaskazini wa Eiger, mita 1,800 za mwamba mweusi, na watu wote wanatazama juu, hata wasiojua wanachokitafuta. Ukuta huo ulipandwa kwa mara ya kwanza Julai 1938, na watu wanne, Wajerumani wawili na Waaustria wawili. Kabla yao wengi walikufa. Habari ya 1936 ndiyo iliyomshika mzee, mpaka treni inayofuata tukaiacha.

Vijana wanne walikuwa ukutani. Hali ya hewa ikaharibika, mmoja ameumizwa na jiwe, wakaamua kurudi chini. Sasa reli inapita ndani ya mlima huohuo, na wakati wa kuchimba waliacha matundu ya kutolea kifusi, yenye milango inayofunguka moja kwa moja kwenye ukuta. Mlinzi wa njia, Albert von Allmen, alifungua mlango wake akapaza sauti. Wakamjibu kutoka juu kwamba wote wazima, wanashuka. Akarudi ndani akawabandikia chai. Akangoja. Alipotoka tena kuwaita, aliyeitikia alikuwa mmoja, Toni Kurz, ananing'inia kwenye kamba; wenzake watatu wamekwisha kufa. Waokoaji walipita kwenye mlango huo wa reli. Usiku ukawazuia. Kesho yake kijana akashuka kwa kamba waliyomwongezea, fundo likakwama kwenye pete yake, mita chache juu ya vichwa vyao, na hapo akafa.

Nilimsomea mzee habari hii kwenye simu, tumekaa juu ya ukuta mdogo wa mawe, watu wanakula aiskrimu pande zote. Hakusema kitu kuhusu waliopanda. Aliuliza juu ya mlinzi. Alikuwa peke yake zamu hiyo? Simu alikuwa nayo mle ndani? Na chai aliifanya nini?

Halafu tukapanda treni na tukaingia kwenye tundu.

Ndani hakuna cha kuona ila ukuta wa mwamba unaopita karibu na dirisha. Kuna kituo kimoja, Eismeer, unashuka dakika chache kuchungulia barafu kupitia kioo, unarudi. Mzee alitumia dakika hizo kutazama reli ya meno na kumuuliza dereva maswali, kila mmoja kwa Kiingereza chake. Waligundua kwamba wote wawili wanajua neno "breki." Treni hii inatumia umeme tangu siku ya kwanza, na ikishuka mota zake zinageuka kuwa jenereta, umeme unarudi kwenye waya kuisaidia inayopanda. Hilo alilielewa bila tafsiri na lilimtosha siku nzima.

Juu, baridi ilikuwa nyuzi sifuri hivi na hewa ni nyepesi. Mita 3,454 ni chini ya kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, lakini Horombo unafika kwa miguu, siku mbili, mwili unajifunza njiani. Hapa umetolewa ziwani asubuhi ukapandishwa juu kwa saa mbili na kidogo. Ukipanda ngazi haraka unaona nyota. Tulitembea kwa hatua za bibi harusi.

Upande wa kusini ndipo nilipokaa mimi. Barafu ya Aletsch inaanza hapo chini ya macho, inateremka zaidi ya kilomita 20, ndefu kuliko barafu zote za Alpu. Ina mistari miwili mitatu ya kokoto nyeusi inayokwenda nayo urefu wote, imepinda panapopinda, na ukiitazama mistari hiyo unaona kwamba kitu hiki kizito kinatembea. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi: barafu ni mto. Wanaandika, mtihani unakuja, wanajibu, wanapata alama. Sikuwahi kuamini sentensi hiyo mpaka leo saa tano na nusu asubuhi.

Inapungua, kila bango linasema hivyo. Kibo nako, barafu iliyokuwapo mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imekwisha. Mwaka uleule reli hii ilipofika juu. Hilo sikumwambia mzee, alikuwa na furaha zake.

Jioni nilifungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya malipo: parachuti, mtu mmoja, kesho saa nne asubuhi, na jina lililoandikwa lilikuwa langu.

Jumatano

"Mtu mzima haruki," mzee alisema wakati wa chai. Nikamjibu mtu mzima halipiwi tiketi halafu ikapotea. Akauliza fedha zinaweza kurudishwa. Haziwezi, nilikuwa nimeshasoma maandishi madogo.

Walituchukua kwa gari dogo mpaka juu upande wa Beatenberg, mwendo wa dakika ishirini, mimi na wasichana watatu wa Korea wasioacha kucheka. Rubani wangu alikuwa kijana mwenye ndevu. Aliuliza uzito wangu, nikautaja kwa sauti ya chini, akaandika bila kupepesa macho. Akaniomba niukaze mtandio na kuuchomeka ndani ya jaketi, kofia ngumu ikakaa juu yake bila shida. Suruali nilivaa ya michezo ya mdogo wangu, na ndani yake nyingine. Akanifunga mikanda mapajani na kifuani, akavuta kila mmoja mara mbili.

Maagizo yalikuwa mawili. Nikisema kimbia, kimbia. Usikae mpaka nikwambie ukae.

Parachuti imetandazwa nyuma yetu kwenye majani ya mteremko. Akasema kimbia. Hatua mbili za kwanza ni nyepesi, ya tatu kitu kinakuvuta mabega kurudi nyuma, huwezi kusogea, na hapo ndipo akili inakwambia kaa chini. Akapiga kelele, "Kimbia!" Nikakimbia hewani. Nilikuwa bado nachezesha miguu wakati majani yameshaondoka, na miti ya misonobari iko chini ya viatu vyangu.

Nikasoma nilichokuwa nakijua cha Qurani, chote.

Baada ya hapo, kimya. Hakuna injini, upepo tu kwenye kamba. Maziwa yote mawili yanaonekana kwa pamoja, la Thun bluu ya kawaida na la Brienz rangi ya feruzi, kwa sababu mito ya barafu inaliletea unga laini wa mwamba unaoelea majini na kurudisha mwanga. Na katikati, tambarare ile ya changarawe na mji juu yake. Ramani. Nilimwonyesha rubani kwa kidole mahali mto ulipomwaga udongo wake, akasema anaruka hapa kila siku na hakuna aliyewahi kumweleza. Akaniuliza kama nataka azungushe kwa kasi. Nikamwambia mimi ni bibi wa wajukuu. Akazungusha kidogo tu, nikamlaani kidogo tu.

Dakika kumi na tano, labda zaidi. Tukatua Höhematte kwa makalio. Mzee alikuwa kwenye benchi, kofia mkononi, midomo inatembea. Alikuwa ameanza "Ya Latifu" tangu gari liondoke na hakujua amefika ngapi.

"Umeshuka salama," akasema.

"Nimeshuka."

"Breki anazo?"

Nikamweleza kamba mbili za pembeni, ukivuta moja unakata kona, ukivuta zote unapunguza mwendo. Aliridhika. Alikwenda mwenyewe kumpa rubani mkono.

Alhamisi

Meli ya Ziwa Brienz. Kuna ya mvuke, Lötschberg, yenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni, iliyoundwa mwaka 1914, mwaka uleule Waingereza walipokuja kupigwa Tanga wakakimbizwa na nyuki. Injini yake imeachwa wazi katikati ya meli ili abiria waione: mikono ya chuma inayong'aa, inapanda na kushuka, harufu ya mafuta ya moto. Nililiona ziwa, mzee aliona injini. Tulishuka Giessbach, tukapanda na kijitreni cha kamba cha 1879, tukapita nyuma ya poromoko, tukalowa. Sandwichi mbili na soda zilitugharimu kuliko ada ya muhula niliyowahi kulipia mtoto, basi tukala taratibu.

Ijumaa

Tumerudi Bern. Chungu cha maua nimekipakata njia nzima, nacho kitabaki kwa mdogo wangu, mimea haivuki mipaka bila karatasi.

Usiku huu tuko mezani jikoni kwake, kalamu na daftari, tunapiga hesabu ya nani anamdai nani. Mdogo wangu anasema parachuti ilikuwa zawadi, isiingie. Mzee anasema zawadi ni zawadi, ila tiketi zake za Jungfraujoch zihesabiwe kama masomo, si starehe, kwa hiyo zigawanywe kwa watatu. Mdogo wangu anauliza yeye amejifunza nini, alikuwa zamuni. Mzee ameomba vikombe viwili na kijiko.